Goma: vuteni kebo kabla ya kupiga rangi

Ndugu zangu mnaofungua ofisi ndogo hapa Goma, msitegemee Wi-Fi peke yake. Majengo yetu mengi yana kuta nene za mawe ya volkano, na mawimbi hudhoofika kabla ya kufika chumba cha pili. Vuteni kebo za mtandao za Cat6 mapema, mbili kwa kila meza (ya pili mtaihitaji tu), kila moja isizidi mita 100 hadi kwenye swichi (kifaa kinachounganisha kebo zote za mtandao). Printa na kompyuta za mezani zikae kwenye kebo. Wageni wapeni Wi-Fi yao pembeni, isiyofika kwenye faili za ofisi. Na betri ya akiba ianze na ruta (kifaa kinacholeta intaneti ofisini) na swichi: vinakula umeme kidogo, na wenye laptopu wataendelea na kazi umeme ukikatika.