Breki ya nyuma ya lori inabana na kuchemka, usikimbilie lainingi

Wakuu, kuna lori lilipakia mawese Kigoma linaenda Tabora, kufika Uvinza tairi la nyuma kushoto linafuka moshi. Lainingi (vile vipande vinavyosugua dramu kusimamisha tairi) zilishabadilishwa mara mbili, kumbe ugonjwa ni hozi ya upepo wa breki, nje nzima kabisa ndani imevimba, inanasa upepo. Kwa hiyo kabla hujamtuma tanboi (utingo) dukani kununua lainingi nyingine fanya hivi.

Hatua ya 1. Endesha kama kilomita 10 bila kukanyaga breki sana, simama sehemu tambarare, sogeza mgongo wa kiganja karibu na dramu (lile duara la chuma la breki ndani ya tairi) bila kugusa, linganisha kulia na kushoto. Likichemka moja, ugonjwa uko hapohapo. Yakichemka yote ya nyuma achana na dramu kwanza, cheki geji ya upepo, upepo ukiwa mdogo springi za hendibreki haziachii, au vavu ya nyuma (inayogawa upepo wa breki) imeganda. Joto likiwa katikati kwenye hab (kitovu cha tairi) kuliko kwenye dramu, hiyo beringi. Na tanboi asimwage maji, najua ndo mchezo wao, dramu ya moto inapasuka.

Hatua ya 2. Ikipoa, weka magogo tairi za mbele, piga jeki, weka stendi, jaza upepo bar 7 au 8, gia frii, achia hendibreki, zungusha tairi kwa mkono. Kukwaruza kidogo sio kesi.

Hatua ya 3, hapa ndo penyewe. Mtu akanyage breki na kuachia, wewe angalia fimbo ya busta (lile kopo la upepo linalosukuma breki). Ikirudi yote na tairi bado gumu, mara nyingi kuna mtu kakaza ajasta (mkono unaoshikana na fimbo, unaorekebisha nafasi ya lainingi) mno ili breki "ziume", legeza kidogokidogo mpaka tairi liwe huru. Ikibaki nje, chomoa pini ya ajasta, upepo ukiwa umejaa na vidole mbali maana upepo ukishuka springi inairusha ile fimbo. Fimbo ikirudi yenyewe busta nzima, fungua dramu: shafti inayozungushwa na ajasta imekauka grisi kwenye bushi au springi za shuu (zinazobeba lainingi) zimekatika, vumbi letu hili linazimaliza. Isiporudi, legeza taratibu nati ya hozi ya breki ya mguu, ikipumua na fimbo ikarudi ujue upepo ulinaswa, badili hozi au cheki vavu. Kimya? Hakikisha upepo wa hendibreki unafika, kama unafika busta limekwisha, funga jingine zima. Upande wa busta wenye springi kubwa ya hendibreki usifungue, ikifyatuka inaua mtu.

Ukimaliza rudia zile kilomita 10, pima tena kwa kiganja, pande zote mbili.