Kubadilisha prosesa ya kompyuta kuukuu ya mezani na kuiongezea kasi

Kompyuta nyingi za mezani za mitumba zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2011 hadi 2013 hutumia soketi (nafasi ya kuwekea prosesa kwenye ubao mama) ya LGA 1155, na aghalabu huuzwa zikiwa na prosesa ya Core i3 yenye viini viwili tu, yaani sehemu mbili za kufanyia kazi. Prosesa hiyo inaweza kubadilishwa kwa gharama ndogo, lakini uchunguzi uanzie kwenye ubao mama, kwa kuwa ndio unaoamua ni prosesa gani itakubaliwa na kama kasi yake itaweza kupandishwa.

Fungua programu ya CPU-Z, inayoonyesha vifaa vilivyomo, usome jina la chipseti, yaani chipu za ubao mama zinazounganisha prosesa na vifaa vingine. Ukikuta P67, Z68, Z75 au Z77, unaweza kuweka prosesa yenye herufi K, kama Core i5-2500K, na kuipandisha kasi. Ukikuta H61, B75 au Q77, ambazo ndizo zilizojaa katika mashine za ofisi, sahau habari ya kupandisha kasi na utafute Core i7 ya kawaida. Kutoka viini viwili hadi vinne ni hatua kubwa kuliko megahezi zozote utakazobana. Q65 na Q67 hazipokei prosesa za kizazi cha tatu (zile ambazo namba yake huanza na 3), kwa hiyo huko chukua i7-2600 na si i7-3770. Muuzaji anayedai kwamba prosesa ya K hupanda kasi kwenye ubao wowote asisikilizwe.

Ubao wa P67, Z68 au H61 unaotaka kuuwekea prosesa ya kizazi cha tatu huhitaji kwanza BIOS mpya, yaani programu ya ndani ya ubao inayoiwasha kompyuta, na kazi hiyo hufanywa prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Tumia UPS, maana umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo ubao unaweza kufa kabisa.

Siku ya kubadilisha, iache kompyuta ifanye kazi kwa dakika chache ili pesti ya zamani, ile inayopitisha joto kati ya prosesa na kipoza joto, ilainike, kisha izime, chomoa waya wa umeme na ushike sehemu ya chuma ya kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Kipoza joto kizungushwe taratibu kushoto na kulia kabla ya kuinuliwa, kisivutwe kwa nguvu. Katika soketi hii pini ziko kwenye ubao wenyewe, nyembamba mno, na kidole kikizigusa zinapinda. Kwa hiyo shika prosesa kwa kingo zake, linganisha pembetatu ndogo ya dhahabu na alama ya soketi, kisha iache ikae yenyewe bila kuikandamiza. Futa pesti kavu kwa alkoholi ya isopropili, weka mpya kiasi cha punje ya mchele katikati, na funga miguu ya kipoza joto kwa kukata kona, yaani mmoja na ule wa upande wa pili wake, ili uzito usiegemee upande mmoja.

Sasa kasi. i5-2500K huanzia gigahezi 3.3, yaani megahezi 100 mara kizidishi cha 33. Ile 100 usiiguse, kwa sababu saa hiyo hiyo inaongoza sehemu nyingine za ubao. Ndani ya BIOS, badilisha kizidishi peke yake. Anza na 40, jaribu, kisha panda hatua moja moja. Volti ndiyo ya kuogopwa zaidi: umeme unaoliwa na prosesa huongezeka kwa mraba wa volti, hivyo kutoka 1.20 hadi 1.35 ni ongezeko la takriban asilimia 27 hata kabla kasi haijaguswa. Kwa kipoza joto cha hewa, sipendekezi kuvuka 1.35, na pawasaplai isiyo na jina isitumike kabisa kwa kazi hii.

Kila baada ya hatua, endesha Prime95, programu inayoitwika prosesa kazi nzito, kwa nusu saa huku programu ya HWiNFO ikionyesha joto la kila kiini. Nyuzi 80 ndizo ukomo wangu, ingawa prosesa yenyewe hujipunguza kasi inapokaribia 98. Pima wakati wa mchana, kwani chumba cha Dar es Salaam au Mombasa chenye nyuzi 32 kinaongeza joto la prosesa karibu kwa nyuzi zile zile ambazo chumba hicho kinazidi chumba chenye ubaridi. Kompyuta ikiganda au ikijizima na kuwaka yenyewe, ongeza volti kwa 0.01 au rudi nyuma hatua moja. Mimi huchagua kurudi nyuma. Ukifika kizidishi cha 42 kwa utulivu, iache Prime95 usiku kucha kabla ya kuiamini na kazi zako.

Iwapo mashine itakataa kuwaka kabisa, chomoa umeme, toa betri ya CR2032 kwenye ubao kwa dakika chache, kisha irudishe. BIOS itasahau mipangilio yako na kuanza na ile ya kiwandani.