SOMO: Kutuma orodha ya ndege kwenye ramani ya Kenya, hatua kwa hatua

Haipiti wiki bila mtu kuniuliza, "Nimeona ndege, nipeleke wapi taarifa?" Leo naandika yote mara moja. Tafadhali soma mpaka mwisho ndipo uulize.

Ramani ninayoisema ni Kenya Bird Map, mradi ulioanza 2013. Nchi imegawanywa vipande vya mraba vinavyoitwa pentadi, kila kimoja dakika 5 za latitudo kwa dakika 5 za longitudo. Kwetu Trans Nzoia hiyo ni kama kilomita 9 kwa 9.

1. Jisajili kwenye tovuti ya mradi upewe namba ya mtazamaji.

2. Pakua BirdLasser, programu ya simu ya kuandikia ndege, ingiza namba yako, chagua mradi. Haihitaji intaneti ukiwa porini, ila washa GPS.

3. Kaa ndani ya pentadi moja. Ukivuka mpaka, hiyo ni orodha nyingine.

4. Tazama kwa bidii angalau saa 2. Baada ya hapo unaweza kuongeza ndege wapya kwenye orodha hiyohiyo hadi siku 5. Kila aina iandike mara moja, kwa mpangilio uliowaona. Uliyemsikia na kumtambua kwa sauti naye anahesabika. Na msiwaruke kunguru na njiwa! Tuseme pentadi ina orodha 10 na njiwa yumo katika 9. Miaka ikipita akawa katika 4 tu, tutajua kuna jambo limempata. Ukimwacha kwa sababu "kila mtu anamjua", umetunyima habari hiyo.

5. Usibahatishe. Huna hakika, mwache.

6. KIOTA. Hapa someni polepole. Miaka kadhaa iliyopita nilimkuta korongo taji amelalia mayai matatu katikati ya matete, kwenye kinamasi cha shamba la jirani. Ndege huyu yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka duniani tangu 2012, na makinda wake huibwa wakafugwe majumbani. Nilijua yote hayo. Lakini furaha ilinizidi, nikarusha picha na pini ya mahali kwenye kundi la watu zaidi ya mia mbili. Siku ya nne nilirudi nikakuta njia mpya imekanyagwa kwenye matete, kiota kitupu, na yule jike na dume wake wamesimama ng'ambo ya maji wakilia. Sijui nani aliyachukua mayai. Najua nani aliyeonyesha njia.

Kwa hiyo: usitume pini ya kiota popote. Usipige picha inayoonyesha kilima, mnara au paa la shule nyuma yake. Picha ukiituma WhatsApp kama faili, inabeba mahali ilipopigwa. Faili ya safari ya BirdLasser nayo ina pini za kila ndege, usiisambaze kwenye makundi. Pentadi inatosha: inasema korongo yupo kwenye eneo hilo, wala haimwelekezi mtu kwenye kiota. Na usikae karibu. Ndege akisimama kwa ajili yako, mayai yanapoa.

7. Tuma orodha jioni ileile, kabla simu haijazima chaji.

MASWALI

Kitale Boy: Mkuu nitumie tu link, sina muda wa kusoma yote.
Mwandishi: Hatua ya 1.

Mzee wa Shamba: Hicho kinamasi kiko upande gani? Nataka nipeleke watoto wakaone korongo.
Mwandishi: Sisemi. Hatua ya 6.
Mzee wa Shamba: Kwani mimi ni mwizi?
Mwandishi: Sijakuita mwizi, mzee wangu. Hata mimi sikumtumia mwizi ile pini. Wapeleke watoto Hifadhi ya Saiwa, wapande majukwaa ya kutazamia, wataona mengi bila kumsumbua ndege.

Binti wa Malindi: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha pili, sina simu. Naweza kutumia daftari?
Mwandishi: Marahaba mwanangu. Unaweza, tena tunakupokea kwa mikono miwili. Andika tarehe, mahali, saa ya kuanza, kisha ndege kwa mpangilio. Kila saa ikiisha piga mstari chini. Mtu mwenye simu atakusaidia kuingiza. Nawe uko pazuri: nenda hori ya Mida maji yakiwa yanajaa, si yakiwa yametoka kabisa. Bahari ikipanda inawasukuma sululu na vitwitwi karibu na ufuo, utawaona hata bila darubini.
Binti wa Malindi: Ni kweli wanatoka Ulaya? Mbona wengine nawaona hata Juni?
Mwandishi: Swali zuri sana. Wengi huzaliana kaskazini ya mbali, Urusi na Siberia pia, na huondoka kwetu kuanzia Aprili. Wa Juni mara nyingi ni vijana ambao hawajafikia umri wa kuzaa, hawana haja ya safari. Waandike! Orodha za Juni ni chache.

Ole wa Narok: Nimekuta tumbusi sita wamekufa kando ya mzoga wa ng'ombe. Niweke kwenye ramani?
Mwandishi: Ramani baadaye. Usiguse kitu, huenda mzoga umetiwa sumu, na sumu nyingine hupita kwenye ngozi. Zuia mbwa na mifugo. Piga picha ukiwa mbali, kisha wapigie KWS, shirika la wanyamapori, sasa hivi. Hao wape mahali kamili, mpaka mti ulio karibu. Mzoga ukiachwa, tumbusi wengine watashuka kesho asubuhi.
Ole wa Narok: Nimepiga. Wanakuja. Nimebaki hapa na vijana wawili, tunawafukuza wanaotaka kutua.
Mwandishi: Asante ndugu yangu. Msiondoke mpaka wafike.