Uko Kanada unamsubiri mumeo na hela imekata? Angalia unaomba msaada gani

Jamani kabla hujakimbilia welfea soma hapa kwanza. Ukimdhamini mke au mume kuja Kanada, mara nyingi hawadai mshahara wa kiwango fulani kama Uingereza, wanachoangalia ni kama unakula hela ya ustawi wa jamii, yaani welfea, na Ontario Works (welfea ya jimbo la Ontario) ndo yenyewe hiyo, ukiwa unaipokea udhamini unakwama, isipokuwa unalipwa kwa sababu ya ulemavu, kwa hiyo wa ODSP (msaada wa Ontario kwa wenye ulemavu) tulieni. Umeachishwa kazi? Anza na EI (bima ya ajira), ile imetoka kwenye makato ya mshahara wako mwenyewe, haihesabiki kama welfea. Hela ya watoto ya serikali, CCB, nayo haina shida. Ila fomu ya kuomba msaada ikiuliza ndoa sema umeolewa, hata kama mwenzio bado yuko Bujumbura, ukijiandika singo huku uhamiaji wameshika cheti chako cha ndoa utajieleza mpaka ukauke koo.