Mwanamieleka akilalamika mtandaoni, msome hivi

Wadogo zangu mnaojaza kibanda umiza changu hapa Ujiji, mwanamieleka akiandika kwamba amechoka, msikimbilie kumtukana. Tazameni kwanza ratiba. Pambano lake kubwa likiwa karibu, na kampuni yake ya mieleka yenyewe ikisambaza maneno yake, huenda ni sehemu ya hadithi iliyotungwa kwa ajili ya onyesho.

Akitaja mkataba, hapo tulieni msome vizuri. Januari 2022 mwanamieleka Mustafa Ali aliiomba WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani, hadharani imwachie aondoke. Aliachiwa Septemba 2023. Muda wote huo mkataba ulimzuia kwenda kupigana kwingine, na mwili wa mpiganaji haungoji! Hilo linaniuma sana.

Mpinzani wake msimguse, siye aliyeandika mkataba. Mtieni moyo mlalamikaji kwa jina lake, na mapambano yake myatazame hadi mwisho.