Kuiwekea ruta ya zamani OpenWrt: hatua nilizofuata nyumbani kwetu Tabata

Ruta inayohudumia nyumba yetu niliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika. Ni TP-Link Archer C7, toleo la pili. Tupo kaya sita, tunachangia laini moja ya faiba ya megabiti 20. Ikifika saa mbili usiku mmoja anaangalia mpira, watoto wapo YouTube, na anayepiga simu ya video anasikika akikatikakatika. Nilipowaambia wenzangu kwamba nitaibadilisha programu ya ndani ya ruta, niweke OpenWrt ambayo hailipiwi, mama mwenye nyumba aliniuliza, "Mwanangu, hicho kitu cha bure ndiyo utuwekee humu? Si wezi wataingia?"

Swali lake ni la haki. Nitalijibu tukiwa kazini.

Tuanze na hilo neno bure. Kwetu likisemwa "bure kabisa" maana yake hakifai, na nadhani nusu ya wasiwasi wa watu inatoka hapo. Bahati nzuri Kiswahili kina neno la pili: huria. Programu huria ni ile ambayo leseni yake inakuruhusu kuitumia, kusoma msimbo wake (maandishi yaliyoiunda), kuubadilisha na kumgawia mwenzako. Kutolipia ni jambo la pembeni. Simu ya Android uliyoshika imejengwa juu ya Linux, programu huria aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, na hakuna anayeiita simu hiyo kitu cha bure.

Hatua ya 1: Ijue ruta yako

Igeuze, soma karatasi iliyobandikwa chini. Andika modeli na namba ya toleo, yaani ile "Ver". Usiidharau namba hiyo: ruta mbili zenye jina moja na sura moja zinaweza kuwa na vipuri tofauti kabisa ndani, na faili la programu la moja likaua nyingine. Kisha itafute kwenye orodha ya vifaa katika tovuti ya OpenWrt. Unataka angalau MB 16 za kuhifadhia na MB 128 za RAM. Zile TL-WR841N zilizojaa mitaani, nyingi zina MB 4 na MB 32 tu. Matoleo ya sasa hayaziingii, usipoteze pesa yako.

Kile kiboksi cha faiba ulichofungiwa na kampuni ya intaneti usikiguse. Ni mali yao. Ruta yako itakaa nyuma yake.

Hatua ya 2: Pakua faili na ulihakiki

Pakua kutoka tovuti ya OpenWrt yenyewe, si kwenye kundi la WhatsApp, hata kama aliyelituma ni fundi unayemwamini. Utaona mafaili mawili: "factory" ni la kutoka programu ya kiwandani kuja OpenWrt, "sysupgrade" ni la kusasisha OpenWrt iliyokwisha kuwemo. Mara ya kwanza chukua "factory".

Pembeni ya faili kuna mfuatano mrefu wa herufi na namba, SHA256, alama ya kuhakiki kwamba faili halijabadilika. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, uandike certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256. Mfuatano utakaotoka ulingane na ule wa tovuti, herufi kwa herufi. Usipolingana, futa upakue upya.

Hapa ndipo nilipomjibu mama kuhusu wezi. Kuonekana kwa msimbo hakumpi mwizi ufunguo. Fundi kufuli anajua kufuli linavyofanya kazi, ila mlango wako unalindwa na ufunguo ulio mfukoni mwako. Uwazi pia unamsaidia anayelinda. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta yake kwa SSH, njia ya kuingia kompyuta kwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya programu huria iitwayo xz, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliweza kuufikia kwa sababu hakuna aliyemzuia kufungua na kusoma. Nilimwambia mama na upande wa pili, maana sipendi kumficha mtu: kosa la Heartbleed lilikaa ndani ya OpenSSL, programu huria ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, kuanzia 2012 hadi lilipogunduliwa 2014, na msimbo ulikuwa wazi muda wote. Lazima awepo mtu anayesoma, na lazima wewe usasishe.

Hatua ya 3: Linda umeme

Ruta yangu ya kwanza ilizimika umeme ulipokatika katikati ya kazi, wakati wa masika. Nilitumia siku mbili kuifufua. Sasa siflashi ruta, yaani siibadilishii programu, bila UPS ndogo ya volti 12, zile betri za kushikilia umeme zinazouzwa kwa ajili ya ruta. Hakikisha volti zinalingana na zilizoandikwa kwenye ruta yako. Tumia laptopu yenye chaji na kebo ya mtandao, usitumie waifai. Kabla ya kuanza, soma ukurasa wa ruta yako kwenye tovuti hiyo, sehemu ya kuifufua, na uuhifadhi kwenye laptopu. Ruta ikifa hutakuwa na intaneti ya kuutafuta.

Hatua ya 4: Flashi

Chomeka kebo kwenye tundu la LAN, la vifaa vya nyumbani, ingia kwenye ukurasa wa mipangilio wa kiwandani, sehemu ya kusasisha programu, pandisha faili. Subiri dakika tano bila kugusa chochote. Kama ruta bado ina waranti, ujue unaweza kuipoteza.

Kuna wanaoita kazi hii wizi au udukuzi. Si kweli. Mwaka 2003 watu waligundua kwamba ruta ya Linksys WRT54G inaendeshwa na Linux. Leseni ya Linux, GPL, inamtaka anayegawa programu atoe na msimbo wake, na kampuni ikautoa. Kutokana na msimbo huo OpenWrt ikaanza mwaka 2004. Kwa hiyo mradi wenyewe ulizaliwa kwa leseni kuheshimiwa.

Hatua ya 5: Kuingia mara ya kwanza

Fungua 192.168.1.1 kwenye kivinjari. Jina ni root, nywila hakuna. Weka nywila sasa hivi, kabla ya jambo lolote.

Hapa wengi hukwama, wakasema programu ni mbovu. Viboksi vingi vya faiba navyo hutumia 192.168.1.1. Ukiunganisha vyote viwili, ruta inaona anwani ile ile mbele na nyuma, na intaneti haipiti. Kwa hiyo kabla ya kuchomeka kebo inayotoka kwenye kiboksi cha faiba kwenye tundu la WAN, la kuingizia intaneti, nenda "Network", kisha "Interfaces", badilisha anwani ya LAN iwe 192.168.10.1. Ukishahifadhi, chomoa kebo ya laptopu, irudishe, ufungue anwani mpya upesi. Ukichelewa, ruta inadhani umejifungia nje na kurudisha anwani ya zamani. Ni ulinzi huo, rudia tu.

Hatua ya 6: Waifai

OpenWrt huja na waifai ikiwa imezimwa. Iwashe, chagua nchi TZ, ulinzi wa WPA2 na nywila ndefu. Kwenye GHz 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11, upana wa MHz 20. Nyumba zetu zimebanana. Upana mkubwa unakuongezea kelele za jirani tu.

Hatua ya 7: Kupanga foleni

Hii ndiyo iliyobadilisha maisha ya nyumba yetu. Tatizo la saa mbili usiku halikuwa kasi ndogo. Kiboksi kilikuwa kinalundika data kwenye foleni ndefu, kila pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, inasubiri mwisho, kama bodaboda iliyobanwa nyuma ya malori. Sauti ya simu ni pakiti ndogondogo. Zikichelewa, maneno yanakatika hata kama megabiti zipo.

Nenda "System", kisha "Software", sasisha orodha, weka luci-app-sqm, programu ya SQM inayopanga foleni. Pima kasi ya laini yako usiku na asubuhi, chukua ile ndogo. Kwenye SQM chagua kiolesura cha WAN, andika asilimia 85 hadi 90 ya kasi hiyo kwa kilobiti, kupakua na kupakia. Sisi tulipima 20, nikaandika 18000. Kwenye njia ya kupanga foleni chagua cake na piece_of_cake. Ukipunguza kidogo namna hiyo, foleni inahamia kwenye ruta yako, na cake inampa kila mmoja zamu yake. Kama laini yako ni ya mamia ya megabiti, kichakataji cha ruta ya zamani kitazidiwa. Kwa 20 hakina shida.

Hatua ya 8: Hifadhi na usasishe

Kwenye "System", sehemu ya "Backup", pakua nakala ya mipangilio. Toleo jipya likitoka, pandisha faili la "sysupgrade" na uruhusu mipangilio ibaki.

Nywila ya root na anwani 192.168.10.1 nimeziandika kwenye karatasi, pamoja na tarehe niliyosasisha mara ya mwisho, nikamkabidhi mama mwenye nyumba. Ameiweka kwenye kabati lake pamoja na kadi ya LUKU, ili siku nikihama fundi mwingine aikute.