Kupanga matumbawe kwenye tangi la nyumbani yasichomane

Nafasi baina ya matumbawe ipime kwa namna yanavyokuwa usiku. Mchana tumbawe aina ya Galaxea limetulia kama shada dogo. Taa zikizimwa hutoa minyiri myembamba inayoweza kufika sentimita 25, nayo huchoma tumbawe lolote inalolifikia. Ukizamia Mnemba au Misali, tazama matumbawe mawili yaliyopakana: mara nyingi baina yao pana ukanda wa mwamba mtupu. Ukanda huo uuweke mwenyewe kabla hujafungua gundi.

Usivunje tumbawe baharini. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hakuna tangi linalostahili jiwe lililochukua miaka mingi kukua. Anza na vipandikizi vilivyokuzwa kwenye tangi la mwenzio.

Tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, yaani lita 300, linatosheka na vipandikizi 12, hata kama mwaka wa kwanza litaonekana tupu. Vumilia. Galaxea iachie sentimita 30 pande zote na uiweke mkondo wa pampu unakoishia, kwa sababu minyiri hurefuka kufuata maji yanakokwenda. Euphyllia na Favites ziachie 15. Acropora haina minyiri mirefu, ila matawi yake hutanuka sentimita kadhaa kwa mwaka na kuwatilia kivuli walio chini. Montipora ya sahani iwe chini, pembeni. Ukiiweka juu itageuka paa. Xenia, tumbawe laini, na zoantidi, jamaa wa matumbawe, silaha yao ni kutambaa na kufunika, basi zipe jiwe lao peke yao, lizungukwe na mchanga mtupu.

Kila mwezi, taa zikiwa zimezimwa kwa saa mbili, kagua kwa tochi ya mwanga mwekundu. Minyiri ya kupigania huweza kuota wiki kadhaa baada ya jirani kusogea, kwa hiyo amani ya mwezi wa kwanza isikudanganye. Tumbawe likiwa na mstari mweupe upande unaoelekea jirani tu, limechomwa: lisogeze siku hiyohiyo. Likipauka lote kwa pamoja, tazama joto au mwanga. Likijikunja bila jeraha lolote, shuku sumu ya matumbawe laini kama Sarcophyton na Sinularia, ambayo husambaa majini bila kugusana. Hapo tia gramu 70 za mkaa wa kuchujia kwenye mfuko wa wavu, uoshe kwanza, uweke panapopita maji, na uubadilishe kila wiki tatu. Badilisha pia lita 30 za maji kila wiki.

Maji ya bahari yachote wakati wa bamvua, bahari ikiwa imejaa, mbali na bandari na mitaro. Wakati wa masika pima chumvi kila ndoo. Inayotakiwa ni 35 kwa elfu. Msimu wa kaskazi elekeza feni juu ya maji ili joto libaki nyuzi 26 au 27, na maji yanayopungua yafidie kwa maji yaliyosafishwa yasiyo na chumvi, kwani chumvi haipandi na mvuke.

Tawi likivuka mpaka, likate kwa koleo kali, sentimita 1 ndani ya nyama nzima, na usiondoe zaidi ya theluthi ya tumbawe kwa mara moja. Suuza kipande kwenye ndoo ya maji ya tangi, kisha kibandike kwenye jiwe kwa supagluu nzito. Matumbawe magumu yakishakua hunywa alkalini, yaani kaboneti ya majini wanayojengea mifupa, kwa kasi: pima kila siku saa ileile, ibaki 8 hadi 9 kwa kipimo cha dKH, na usiipandishe zaidi ya 1 kwa siku.

Zoantidi zina habari yake. Baadhi zina palitoksini, sumu kali mno. Vaa glavu na miwani, usisugue jiwe lake nje ya maji, na usilichemshe kamwe, kwani mvuke wake umewahi kulaza watu hospitali. Ukikata kisha ukahisi ladha ya chuma mdomoni, kubanwa kifua au misuli kuuma, wahi hospitali na umwambie daktari ulikuwa umeshika nini.